Kasha na Kodeki: Uteuzi wa Muundo wa Faili la Video

Faili la video, liwe limeandikwa AVI, MOV, MP4 au MKV mwishoni mwa jina lake, huwa na matabaka mawili ambayo watumiaji wengi hawayatenganishi. La kwanza ni kasha, yaani muundo unaobeba picha, sauti na manukuu na kuhakikisha vinakwenda sambamba. La pili ni kodeki, yaani kanuni za kihesabu zinazobana picha wakati wa kurekodi na kuifungua wakati wa kutazama. Simu inapokataa kuonyesha video, mara nyingi tatizo ni kodeki iliyomo ndani, wala kulipa faili jina jipya kutoka AVI kuwa MP4 hakusaidii lolote.

Kasha la AVI, lililotolewa na Microsoft mwaka 1992, lilibuniwa kwa kodeki sahili za wakati huo. Kodeki ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, huokoa nafasi kwa kuandika sehemu kubwa ya fremu, yaani zile picha tuli ambazo mfululizo wake huzaa mwendo, kama tofauti tu kati yake na fremu nyingine, zikiwemo zitakazoonekana baadaye; kwa sababu hiyo fremu hazipangwi ndani ya faili kwa mfuatano uleule wa kutazamwa, na kila moja huhitaji alama ya wakati wake. AVI haina nafasi ya alama hiyo, ilhali MP4 na MKV zinayo.

Hata hivyo MP4 nayo ina udhaifu wake. Faharasa inayoonyesha kila fremu ilipo kwa kawaida huandikwa mwishoni mwa kurekodi, hivyo simu ikizimika ghafla katikati ya sherehe, faili linaweza kubaki na picha zote lakini lisifunguke. Kwa kurekodi kwa saa nyingi mfululizo, MKV ni salama zaidi.

Kodeki mpya ya AV1, iliyotolewa mwaka 2018 bila ada ya hataza, hubana vizuri kuliko H.264, lakini simu isiyo na sakiti maalumu ya kuifungua hulazimika kutumia kichakataji chake kikuu, na betri huisha upesi. Kwa video ya kutumiwa watu wenye simu za kila aina, H.264 ndani ya MP4 ndiyo chaguo la busara hadi sasa.

Hatari kubwa zaidi iko katika kugeuza video za zamani. Kila inapobanwa upya kwa kodeki ya kawaida, picha hupoteza sehemu ya maelezo yake, na maelezo hayo hayarudi tena. Pale kodeki ya ndani inapokubaliwa na kasha jipya, programu kama FFmpeg huweza kuhamisha picha na sauti bila kuzigusa, kazi inayochukua muda mfupi tu. Pale isipokubaliwa, itengenezwe nakala ya kutazamia, na faili la asili lisifutwe kamwe.