KABLA HUJANUNUA STATA MPYA

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nimejifunza kwamba hata gari huulizwa, nalo hujibu.

Baba yangu ana pikapu kuukuu ya Peugeot 504, ile ambayo watu wengi huiita Pijo. Magari ya 504 yalianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson wa Uswidi alishinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo. Ya baba haishindani na mtu. Kazi yake ni kupeleka kabeji sokoni, na kabeji hizo ndizo karo yangu.

Alfajiri moja ya siku ya soko baba alizungusha ufunguo. Ka! Halafu kimya. Fundi aliyeitwa aliwasha taa, zikawaka vizuri. Akasema, "Mzee, betri ni nzima, si unaona taa? Stata imekufa. Nunua ingine." Baba alinitazama, nami nikajua pesa za stata zingetoka wapi.

Nikamwambia, "Baba, nipe nusu saa tu kabla hujaenda dukani." Muhula huo tulikuwa tumesoma sheria ya Ohm katika fizikia. Taa moja kubwa huvuta ampea 5 hivi, lakini stata huvuta zaidi ya ampea 100. Tuseme kiungo cha waya kimeshika kutu na kina ukinzani wa omu 0.02. Taa itapoteza volti 0.1 tu, wala hutaona tofauti. Stata itapoteza volti 2 au zaidi. Ni kama mpira wa maji uliobanwa: kikombe utajaza, lakini moto wa nyumba huwezi kuzima. Kwa hivyo taa kuwaka hakuthibitishi kuwa njia ya umeme ni safi.

Niliazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Betri ilisoma volti 12.5, yaani ilikuwa na chaji. Tukachomoa waya wa koili ili injini isiwake, kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Baba akazungusha ufunguo. Hapo mita haifai kupita nusu volti. Ilisoma 4! Volti hizo zilikuwa zikipotelea kwenye waya wa athi. Tulipoufuata tukakuta bolti yake imejaa kutu chini ya matope. Tukaondoa waya huo kwenye betri, tukafungua bolti, tukasugua kwa msasa na kukaza. Injini ikawaka mara moja.

Ewe mwenye gari la zamani, sikiliza sauti yake kwanza:

1. Ka-ka-ka-ka mfululizo: chaji ya betri imeisha au vichwa vyake vimechafuka. Vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaingiza ndani ya betri, kisha uvikaze.

2. Kimya kabisa na taa hazififii: umeme haufiki kwenye solenoidi. Kagua swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaotoka huko.

3. Ka! moja tu: pima nyaya nene kama tulivyofanya. Zikiwa sawa, shuku solenoidi au kaboni zilizolika ndani ya stata.

4. Stata yavuma lakini injini haizunguki: giya yake ndogo haishiki meno ya flaiwili. Hapo kweli stata ifunguliwe.

Tafadhali chunga usalama. Weka giya nyutro, vuta breki ya mkono na usikaribie feni. Unapoondoa nyaya za betri, anza na ya hasi. Unaporudisha, iwe ya mwisho. Usiwashe kiberiti karibu, kwani betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Siku hiyo kabeji zilifika sokoni saa nne badala ya saa moja, lakini zilifika. Simlaumu yule fundi, maana hata mimi taa zile zingenidanganya kama singekuwa na mita. Wenzangu mnaosema fizikia ni ya mtihani tu, fungueni boneti mkajionee.