Mtu wa Kigoma akifungua mdomo

Waswahili wa ughaibuni tuna mchezo wetu kwenye harusi na misiba: mtu akisema maneno mawili matatu, waliokaa karibu wanaanza kukisia katokea wapi. Wa Tanga anajulikana mapema, wa Unguja hana pa kujificha. Akija wa Kigoma, ubishi. Huyu anasema Mrundi, yule anaapa ni Mkongo. Kisha hukumu zinatolewa bila kuombwa: lafudhi ya Unguja tamu, ya Mombasa ina madaha, ya kwetu "nzito". Hiyo "nzito" nimeisikia mno, na ndiyo inayonifanya niandike. Uzito wenyewe naona hautoki kooni. Umetokana na nani alimfanyia nani kazi, na baadaye na nani alivuka mpaka gani.

Kwanza, lafudhi ya Kigoma si moja. Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na wafanyabiashara wa pwani hata kabla wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke hawajafika Februari 1858. Watu waliovuka ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, wengine watumwa, wengine wapagazi na wafuasi wa misafara, walishika Uislamu, wakashika Kiswahili na kulea watoto kwacho. (Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mji mzima unaongea Kiswahili, na habari yake kubwa ni Wazungu wawili kusalimiana kwa Kiingereza!) Ukimkuta mzee wa Kasingirima asiyejua Kiha, usishangae. Kiswahili ndicho alichokulia.

Ukipanda Kasulu, Buhigwe au Kibondo, mambo yanabadilika. Huko nyumbani ni Kiha, ndugu wa karibu kabisa wa Kirundi na Kinyarwanda, na ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Kiswahili hakina kazi hiyo. Chenyewe hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mha akiongea Kiswahili huja na mdundo wa kwao, sauti inapanda mahali ambapo mtu wa Dar hakuitegemea, na "mtu" anaweza kuwa "mutu", kama kwa watu wengi wa bara.

Hapo hakuna cha kuchekesha. Wahaya nao ni watu wa bara, lugha yao ni ya Maziwa Makuu vilevile, na lafudhi yao hujulikana hata gizani. Lakini utani wanaotupiwa ni wa maringo na usomi. Mha hutupiwa wa ushamba. Bukoba, kwao Wahaya, ilipata kahawa na shule za misheni mapema. Buha, nchi ya Waha, enzi za Mwingereza ilikuwa zaidi kisima cha vibarua. Wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, mwaka 1944, na Kigoma ilikuwa moja ya sehemu walikochota watu. Reli iliyofika ziwani mwaka 1914 ikawabeba manamba kwenda mashariki, na wengine wakaishia Tanga. Kwa hiyo wengi wa pwani, mara ya kwanza kuisikia lafudhi ya Kiha, waliisikia kwa mkata mkonge anayeishi kambini kwa ujira mdogo. Mkonge ulianguka bei, kambi zikabaki magofu, utani haukufa.

Wala usisingizie Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliifanya lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia vitabu. Shughuli ile ilihusu hasa tahajia, sarufi na msamiati. Matamshi tuliyaongezea wenyewe, tukisaidiwa na redio iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951.

Utani ungevumilika. Tatizo lilikuja na wakimbizi: Warundi mwaka 1972 na tena 1993, kisha Wakongo mwaka 1996. Tangu hapo Mha akiongea, kicheko hufuatiwa na swali: una kitambulisho? Malalamiko ya wana Kigoma kuhojiwa uraia kwa sababu ya sura na lafudhi ni ya siku nyingi, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwasaka wahamiaji haramu, iliyatonesha upya. Sikio haliwezi kazi hiyo ya kutambua uraia. Manyovu na ng'ambo ya mpaka watu wanasikilizana bila mkalimani. Kigoma yenyewe ilikaa mikononi mwa Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921. Laiti wangeendelea kukaa, leo sote tungeambiwa tuna lafudhi safi kabisa ya Bujumbura.

Ndiyo maana mwaka 2012 nilifurahi kupita kiasi wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwa mmojawapo, walipotoa wimbo wa pamoja na kuuita kwa Kiha, "Leka Dutigite". Wengi wao husikika kama watu wa Dar tu. Jina la wimbo, hata hivyo, lilitamkwa nchi nzima.

Nina upendeleo wangu, sifichi. Kiswahili cha Ujiji ndicho kinachonituliza: hakina haraka, na Kongo kidogo imo ndani. Cha redioni nakiheshimu, ila sijawahi kukitamani.

Huku Marekani mchezo wa kukisia unawashinda hata wazoefu anapotokea kijana wa Nyarugusu. Kambi ile ya wakimbizi iko wilaya ya Kasulu tangu 1996. Amezaliwa humo, amesoma mtaala wa Kongo, sokoni amezoeana na Waha, nyumbani wazazi wanasema "batu" badala ya "watu". Mkongo aliyekuja moja kwa moja kutoka Bukavu humwona Mtanzania. Watanzania humwita Mkongo. Hospitali, kabla ya kumwunganisha na mkalimani wa simu, wakati mwingine humwuliza anataka Kiswahili cha Tanzania au cha Kongo. Kijana mmoja aliniambia yeye hujibu, "Yeyote aliye karibu, mradi asiniulize kwetu wapi."