Je, Wajua? Farasi wa Karatasini na Farasi wa Barabarani

Mwaka 1970, katika zama ambazo Wamarekani walishikwa na mapenzi ya magari yenye injini kubwa kupita kiasi, Chevrolet iliitangaza Chevelle SS yenye injini ya LS6 kuwa na nguvu za farasi 450, ilhali ndugu yake Buick, ambayo aghalabu wateja wake walikuwa watu wazima wapendao utulivu, iliiandikia GS 455 Stage 1 farasi 360 tu. Amma barabarani, jarida la Motor Trend lilipoipima Buick hiyo kwa robo maili, nayo ni mita 402, kuanzia kusimama, ilimaliza kwa sekunde 13.38, na Chevelle, pamoja na ziada yake ya farasi 90, nayo ilikuwa ya sekunde 13 na ushei.

Sababu haikuwa muujiza. Farasi wale walihesabiwa injini ikiwa peke yake juu ya kitako, haina chujio la hewa, haivuti feni wala jenereta, wala moshi wake haupiti katika bomba zima la gari. Na zaidi ya hayo, wenye viwanda walikuwa na haja ya kupunguza hesabu, kwa kuwa makampuni ya bima yaliwatoza ghali vijana wenye magari ya nguvu. Buick yenyewe ilifikia kilele cha nguvu yake ya kuzungusha, futi-pauni 510, kwa mizunguko 2,800 tu kwa dakika, yaani mapema kabisa. Na juu ya tairi nyembamba za siku zile, zilizoteleza na kufuka moshi kwa kukanyagwa kidogo, farasi wa ziada hawakuwa na pa kushika.

Majarida nayo yataka tahadhari. Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyosifiwa na Car and Driver kwa kufikia maili 60 kwa saa kwa sekunde 4.6, Jim Wangers, aliyeshughulikia matangazo ya Pontiac, alikuja kukiri kwamba ilifichwa injini ya inchi za ujazo 421 mahali pa ile ya 389 iliyouzwa madukani. Hila ya kuchekesha, lakini ni hila.

Mwaka 1972 hesabu zikaanza kutolewa injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na Chevelle ya inchi 454, iliyoandikiwa farasi 365 mwaka uliotangulia, ikaandikiwa 270, ingawa kwa dereva aliyekaa nyuma ya usukani lilikuwa karibu gari lile lile.