Kiambishi -ki- kati ya Sharti na Wakati: Uchaguzi wa “if” na “when” kwa Mwanafunzi wa Issenye

Kwa wanafunzi wengi wa Issenye, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, Kiingereza cha sekondari ni lugha ya tatu. Nyumbani huzungumzwa Kiisenye, lugha ya Kibantu inayowekwa kundi moja na Kinata na Kiikoma. Shule ya msingi husomwa kwa Kiswahili. Kiingereza basi hufikiwa kwa mlango wa Kiswahili, na sentensi kama ifuatayo huonyesha gharama ya njia hiyo:

(1) Mvua ikinyesha, tutapanda mtama.

Je, mvua inasubiriwa au inatiliwa shaka? Kiswahili hakimlazimishi msemaji kujibu. Kiingereza humlazimisha: “when” huchukulia kuwa tukio litatokea, “if” huliacha wazi.

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kuwa umbo la -ki- hubeba sharti na pia tendo linaloambatana na jingine. Kiambishi hiki hakitaji wakati wala kiwango cha uhakika. Hufunga tu kishazi tegemezi kwenye kishazi kikuu. Uhakika hutoka nje ya kitenzi, katika yale ambayo msemaji na msikilizaji wanayajua kuhusu ulimwengu wao:

(2) Jua likizama, mbuzi watarudi.
(3) Tembo wakiingia shambani, tutagonga madebe.

Hakuna anayesoma (2) kama sharti. Sentensi ya (3) ni ngumu zaidi. Msomaji wa mjini ataiona kuwa sharti, lakini mkulima anayeishi kando ya mapori ya akiba ya magharibi mwa Serengeti, mazao yakiwa yamekomaa, huenda anazungumzia wakati tu. Umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha ya msemaji. Wala hili si upungufu wa lugha za Kibantu, kwani Kijerumani nacho hutumia “wenn” kwa maana zote mbili pale tukio linapokuwa la wakati ujao.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya darasa pia. Chukua agizo la kubuni: “Tembo wakiharibu mazao, mkulima atoe taarifa kijijini.” Likifasiriwa kwa “if”, uharibifu ni jambo linaloweza kutokea. Likifasiriwa kwa “when”, mwandishi amekwisha kukubali kwamba utatokea. Pale ambapo kifuta jasho hudaiwa kwa maandishi, hilo si suala la mtindo. Mwanafunzi anayekosa hapa mara nyingi ameielewa sentensi vizuri kabisa. Alichokosa ni kuona kwamba ameulizwa swali ambalo Kiswahili hakikumuuliza.

Mazoea ya kufundisha kuwa -ki- ni “if” ndiyo yanayozaa kosa. Njia bora ni kuirudisha sentensi ndani ya Kiswahili kabla ya kuivusha, kwa sababu Kiswahili kina nyenzo za kutenganisha maana hizi. Weka -takapo- mahali pa -ki-: “Jua litakapozama, mbuzi watarudi” haibadilishi maana, kwa hiyo “when”. Weka endapo: “Endapo jua litazama” inalitilia jua shaka, na sentensi inachekesha. Sentensi ya (1) inakubali majaribio yote mawili, na hapo mwanafunzi lazima aamue msemaji alikusudia nini. Kwa kanuni za jumla, kama “Maji yakichemka hutoa mvuke”, Kiingereza chenyewe huruhusu viunganishi vyote viwili bila tofauti kubwa, na mwalimu anayekata alama hapo anakata bila haki.

Jaribio hili lina mitego miwili. Wa kwanza umo katika maneno yenyewe: iwapo na endapo ni ya masharti, ilhali yamebeba -po ile ile ya mahali na wakati inayoonekana katika alipofika. Ukanushi wa -ki- nao ni -sipo-: “Mvua isiponyesha, hatutapanda.” Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa -po- ni alama ya “when” atapotoka katika sentensi zote hizo. Kwa tukio moja la wakati ujao, -sipo- karibu daima ni sharti.

Mtego wa pili humnasa hata aliyechagua sawasawa. Umbo la -takapo- lina -ta- ya wakati ujao, na mwanafunzi huihamisha ilivyo: “when the rain will come”. Kiingereza hutaka wakati uliopo katika kishazi cha namna hii, “when the rain comes”, kama kinavyotaka baada ya “if”. Hapa -ki-, isiyo na njeo, ndiyo iliyo karibu zaidi na muundo wa Kiingereza. Kwa hiyo -takapo- itumike kuchagua kiunganishi, kisha kitenzi cha Kiingereza kijengwe kutoka kwenye sentensi ya awali yenye -ki-.