Daniel Suarez: Kutoka Mifumo ya Kompyuta hadi Riwaya za Taharuki

Daniel Suarez, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1964, alisomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Delaware, lakini kwa miaka mingi riziki yake ilitoka kwenye kompyuta. Alikuwa mshauri wa mifumo kwa makampuni makubwa.

Riwaya yake ya kwanza, Daemon, ilichipuka kutoka kwenye shughuli ya pembeni. Aliunda programu ya kubuni hali ya hewa kwa ajili ya wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika, akaiuza kwenye intaneti. Mauzo yakajiendesha yenyewe: mnunuzi alilipa, programu ikamfikia, fedha zikaingia. Suarez akatambua kuwa hata akifa leo, biashara ile ingeendelea kesho. Katika riwaya, Matthew Sobol, mbunifu wa michezo ya kompyuta, anafariki kwa saratani ya ubongo na kuacha programu inayofuatilia habari mtandaoni. Ikishaona taarifa ya kifo chake, inaanza kuua. Mpelelezi Pete Sebeck anajikuta akimsaka muuaji ambaye tayari ni marehemu.

Hapo ndipo uzoefu wa kazi ulipomfaa zaidi mwandishi. Jambazi wa kawaida hutishwa, huhongwa, hata huchoka. Programu haina woga wala huruma. Hutimiza sharti lake na kusubiri sharti linalofuata. Anayeijua tabia hiyo kwa kuishi nayo kila siku huandika hofu ambayo msomaji anaiamini.

Kuuamini muswada kulikuwa jambo jingine. Mawakala wa fasihi waliukataa, na mwaka 2006 Suarez akauchapisha mwenyewe kwa jina la Leinad Zeraus, yaani jina lake lililoandikwa kinyumenyume. Waliokipigia debe kitabu ni watu wa teknolojia, akiwemo Rick Klau, aliyekuja kufanya kazi Google. Hao walikiona kuwa kinasema kweli kuhusu kazi yao. Jarida la Wired likaandika habari zake mwaka 2008, na Januari 2009 kampuni ya Dutton ikakitoa upya kwa jina lake halisi. Mwendelezo wake, Freedom, ukafuata mwaka 2010.

Uandishi ukawa ndiyo kazi yake. Kill Decision ya mwaka 2012 inahusu ndege zisizo na rubani zinazojichagulia watu wa kuwaua, na Influx ya 2014 ikashinda Tuzo ya Prometheus.