MAJI YA ROBINE: USIOGOPE CHOKAA, OGOPA KISICHOONEKANA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, angalieni leo ndani ya birika lenu. Katika nyumba nyingi za nchi yetu ya shaba mtaona ukoko mweupe, mgumu kama simenti, umeshika chini na pembeni. Jamaa wengine wanauogopa. Wanasema: «Maji haya yana mawe, yatatuharibu tumbo.» Kiisha wanaacha maji ya robine, wanamtuma mtoto na bidoni kisimani au mtoni, kwa sababu maji ya huko ni laini, sabuni inatoa povu upesi na chai ina ladha nzuri.

Jamaa hao wanakimbia kitu kisichoua, wanaenda kuchota kitu kinachoua. Ndiyo sababu tunaandika habari hii.

Mawe hayo yanatoka wapi?

Mvua inapoanguka, maji yake yanachukua gesi ya kaboni, kidogo hewani na zaidi katika udongo. Gesi hiyo inayapa ukali kidogo. Yanapoteremka chini yanapita katika mawe. Wewe unayefanya kazi shimoni unayajua mawe ya kwetu: shaba ya Katanga imelala pamoja na dolomia, na jiwe la chokaa la Kakontwe, karibu na Likasi, ni maarufu. Mawe hayo yana kalisi na magnesi, na maji yanayayeyusha polepole.

Kwa hiyo maji yanayovutwa chini ya udongo yanaweza kufika kwa robine yako yakiwa meupe kabisa, huku yamebeba jiwe ndani yake. Tunayaita maji magumu. Ukiyachemsha, gesi inatoka. Jiwe haliwezi tena kukaa limeyeyuka, linashika birika. Ule ukoko haukuingia kwa uchafu wa mtu. Ni jiwe lile lile unalolikanyaga kila siku.

Wenye laboratwari wanapima ugumu kwa miligramu za chokaa katika litri moja ya maji. Chini ya 60, maji ni laini. Kupita 120 ni magumu, na kupita 180 ni magumu sana.

Chokaa inaharibu mfuko

Maji magumu yana hasara yake, nayo ni ya feza. Sabuni ikikutana na kalisi haitoi povu, inageuka utando wa kijivu unaoshika nguo na beseni. Mama anaongeza sabuni, na kipande cha wiki moja kinaisha kwa siku nne. Maharagi yanakawia kuiva, kwa sababu kalisi inakaza ganda lake. Birika lenye ukoko mnene linakawia kuchemka, na makala yanaisha bure.

Kazini ni vilevile, tena kwa hatari. Wafanyakazi wa shodieri wanajua kwamba chokaa ikishika ndani ya mirija, moto hauwezi kupita vizuri kwenda majini. Chuma kinapata moto kupita kiasi, na mrija unaweza kupasuka. Ndiyo maana maji ya shodieri yanalainishwa kwanza.

Je, chokaa inaleta ugonjwa?

Hapana. Shirika la Afya Duniani halikuweka kipimo cha mwisho cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya. Kalisi na magnesi ni vitu ambavyo mwili unavitaka, kwa mifupa na kwa misuli.

Wengine wanasema maji magumu yanajenga mawe katika mafigo. Adui mkubwa wa mafigo ni kukosa maji. Wewe unayefanya kazi karibu na tanuru na kutoka jasho siku nzima, ukinywa maji kidogo kwa kuogopa chokaa, hapo ndipo unapojitafutia ugonjwa. Kunywa maji ya kutosha, hata kama ni magumu.

Habari ya wachimba shaba wa jangwani

Lakini hatusemi kwamba maji yote yaliyo meupe ni mazuri. Sikilizeni yaliyowapata watu wa Chile, nchi ya kwanza duniani kwa kutoa shaba.

Kule kaskazini ya Chile kuna jangwa la Atacama, ambapo mvua karibu hainyeshi. Baharini kuna mji wa Antofagasta, bandari ya nchi ile ya shaba. Wakaaji walipoongezeka, maji yalipungua. Mwaka 1958 walianza kuleta maji ya mto Toconce, mto wa milima ya Andes, kwa mirija mirefu kupita jangwani. Watu walifurahi: maji yalikuwa meupe, hayakuwa na harufu wala ladha mbaya.

Lakini mto ule unatoka katika milima ya volkano, na maji yake yalibeba sumu ya arseniki: zaidi ya mikrogramu 800 katika litri moja. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri isipite 10. Katika miaka ya 1960 waganga waliona watoto wenye mabaka na ngozi iliyokauka. Mwaka 1970 kiwanda cha kusafisha maji kilianza kazi, na arseniki ikapungua sana. Lakini sumu ilikuwa imekwisha kuingia. Watu waliokunywa maji yale kwa miaka 12 tu waliendelea kupata kansa ya mapafu na ya kibofu hata miaka 30 na zaidi baadaye.

Angalieni tofauti. Chokaa inaonekana, inasumbua mama jikoni, na haiui. Arseniki haikuonekana, haikusumbua mtu siku ile, nayo iliua. Jicho na ulimi si waamuzi wa maji.

Na kwetu?

Kwetu adui wa kwanza asiyeonekana ni mikrobu. Kolera inarudi mara kwa mara katika Katanga. Mwaka 2008 ilishika Lubumbashi na Likasi. Inatoka katika mavi ya mgonjwa, inaingia katika kisima kifupi kilicho karibu na choo, na inarudi nyumbani ndani ya bidoni la maji laini, yenye ladha nzuri. Tifoide inapita njia ileile.

Adui wa pili ni sumu ya mawe na ya viwanda. Hii huwezi kuiondoa jikoni. Moto unaua mikrobu, hauui arseniki wala risasi. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu inabaki na kuzidi nguvu. Ni laboratwari peke yake inayoweza kuiona. Kwa hiyo ni haki yako kuuliza, kwa njia ya delege wa wafanyakazi au ofisi ya afya: maji yetu yalipimwa lini, na yalionekana na nini?

Mashauri kwa nyumba yako

1. Maji ya kunywa ni ya robine. Kama yamekatika na umechota mahali pengine, yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi, yapoe katika chombo chenye kifuniko.

2. Chokaa ikiteremka chini, acha maji yatulie, kiisha yamimine polepole. Iliyobaki chini, mwaga.

3. Maji ya mvua ni laini: yatege kwa kufua, utaokoa sabuni. Usiyanywe. Vumbi la kiwanda linalala juu ya paa.

4. Kwa kuondoa ukoko wa birika, weka siki au maji ya ndimu pamoja na maji ya moto, acha usiku mzima, sugua asubuhi na suuza mara mbili. USICHANGANYE KAMWE siki au ndimu na maji ya javeli: inatoka gesi ya klori inayochoma mapafu.

5. Ukitumia javeli kwa kusafisha maji ya kunywa, fuata kipimo cha dispensari, kwa sababu nguvu ya javeli si moja katika kila chupa. Ngoja nusu saa mbele ya kunywa.

6. Usilete nyumbani bidoni wala pipa lililowekwa asidi au dawa za kiwanda. Hata ukiliosha mara kumi, si chombo cha maji ya watoto.

7. Maji ya robine yakibadilika rangi au harufu kwa gafula, usinyamaze. Peleka habari siku ileile.

Ndugu, ukoko wa birika unaondoka kwa ndimu moja. Mtoto aliyechukuliwa na kolera harudi. Mweleze bibi yako, mweleze na jirani: maji magumu ya robine ni afadhali kuliko maji laini ya kisima kisicholindwa.