Kabla ya Kamba Kufunguliwa: Kwa Nini Vyombo vya Abiria Huzama Kati ya Tanga na Visiwani

Kila chombo cha abiria kinapozama katika mwambao wa kaskazini wa Tanzania, maelezo ya kwanza yanayosikika ni upepo na mawimbi, na ya pili ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Watu wa pwani hawaidharau bahari wala hawaikani kudra, lakini ajali kubwa za majini zilizotokea katika eneo hili tangu miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba mawimbi mara nyingi hukamilisha tu kazi iliyokwisha kuanzwa na binadamu gatini, pale ilipoamuliwa chombo kipakie nini, kibebe wangapi, kiondoke saa ngapi, na pale ilipoonekana si lazima kumhesabu kila anayepanda.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa MV Spice Islander I. Meli hiyo, iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967 na kufika Afrika Mashariki ikiwa imekwisha tumika kwa miongo mingi, iliruhusiwa kubeba abiria 645 na mabaharia 45. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi el-Fitri, wakati ambapo wengi walikuwa wakirejea makwao baada ya sikukuu, meli iliondoka Unguja mnamo saa 3 ikielekea Pemba, ikiwa imejaa watu na shehena kiasi kwamba baadhi ya wasafiri walioiona hali yake walikataa kupanda. Baada ya saa chache, katika mkondo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ilianza kuingiza maji, ikalala ubavu, kisha ikapinduka na kuzama usiku wa manane wa kuamkia tarehe 10. Walionusurika walielea kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena, na wengi wao waliokolewa kulipokucha na wavuvi pamoja na boti za wapiga mbizi na za hoteli za Nungwi zilizotoka kwenda kusaidia.

Siku za mwanzo ilielezwa kwamba meli ilibeba watu wapatao 800. Tume iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotoa matokeo yake Januari 2012, idadi hiyo ilipanda hadi zaidi ya 2,000, na waliokufa pamoja na wasiojulikana walipo wakazidi 1,500, ilhali maiti zilizopatikana zilikuwa kiasi cha 200 tu. Tofauti ya namna hii haiwezi kuitwa kosa la hesabu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watu waliokuwa ndani ya meli ile hawakuwamo katika karatasi yoyote, na kwamba idadi yao ilipatikana kwa njia moja tu, nayo ni jamaa zao kujitokeza, kijiji baada ya kijiji, na kutaja majina ya waliosafiri na hawakufika. Wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini hawakuweza kuufikia mwili wa meli, kwa sababu ya kina na nguvu ya mkondo.

Ili kuelewa kwa nini kuzidisha mzigo kunaua, inafaa kwanza kueleza jinsi chombo kinavyosimama majini. Chombo hutulia pale uzani wake wote, ambao wataalamu huuhesabu kana kwamba umekusanyika katika nukta moja inayoitwa kitovu cha uzito, unapokuwa chini, karibu na mkuku, yaani boriti ndefu inayopita katikati ya sehemu ya chini ya chombo kutoka omo hadi tezi. Mabaharia wa majahazi waliijua kanuni hii zamani, na ndiyo sababu walipakia farumi, yaani mawe au mchanga wa kutuliza chombo kisicho na shehena. Abiria wanaposimama sitahani, au mbaya zaidi wanapokaa juu ya paa, kitovu hicho hupanda, na chombo ambacho awali kilikuwa kikiyumba na kurudi wima huanza kuchelewa kurudi, hadi linakuja yumbo moja ambalo hakirudi tena. Wakati huohuo uzito huo wa ziada hukididimiza, na sehemu ya ubavu inayobaki juu ya maji hupungua, hivyo wimbi ambalo jana lingepiga ubavu na kuteleza, leo linaingia ndani.

Maji yakishaingia, hatari hubadilika sura. Maji yaliyomo katika ngama, yaani tumboni mwa chombo chini kabisa, hayakai mahali pamoja kama gunia la mchele. Chombo kikiinama kulia nayo hukimbilia kulia, yakiongeza uzito upande uleule ulioinama. Kwa sababu hiyo maji machache yanayocheza yanaweza kupindua chombo ambacho kingestahimili shehena kubwa zaidi iliyofungwa barabara. Watu nao hufanya kama maji hayo. Tarehe 29 Aprili 1994, katika kivuko cha Mtongwe mjini Mombasa, pantoni iliyoruhusiwa kubeba watu 300 lakini ikiwa na takriban 400 ilipinduka mita chache tu kutoka nchi kavu, na watu 272 wakapoteza maisha. Hapakuwa na tufani wala bahari kuu, ila umati uliosongamana upande mmoja wa chombo kilichojaa kupita kiasi.

Miezi 10 tu baada ya Spice Islander, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ajali hii ina somo la namna nyingine. Boti hiyo iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika maji yaliyokingwa na nchi kavu ya Puget Sound, jimbo la Washington, ambako ilikuwa na nafasi ya abiria 250, kisha ikauzwa mwaka 2011 na kuletwa katika bahari iliyo wazi, tena katika msimu wa kusi, upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu kubwa mwezi huo wa Julai. Idadi iliyotangazwa ya waliokuwamo ilikuwa takriban 290. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu siku chache baadaye, jambo ambalo si la kawaida katika eneo hili na linastahili kukumbukwa. Hata hivyo, swali lililopaswa kuulizwa kabla boti haijashushwa majini, yaani iliundwa kwa ajili ya bahari ya aina gani, ni swali lilelile linaloihusu leo kila boti ya faiba inayonunuliwa ikiwa imetumika na kupewa kazi ya kutembeza watalii nje ya miamba.

Upande wa Tanga, msiba hauhitaji meli kubwa. Januari 2017 boti ya MV Burudani, iliyokuwa na watu wapatao 50 wakielekea Pemba, ilizama karibu na kisiwa cha Jambe, si mbali na mji wa Tanga, na watu 12 wakafa. Safari za aina hii zipo kwa sababu zina maana kwa wanaozifanya. Kati ya Pemba na bara kuna umbali wa takriban kilomita 50, familia nyingi zina ndugu pande zote mbili, na msafiri wa Kipumbwi wilayani Pangani anayetaka kufika Mkokotoni, Unguja, huona ni mateso kuzunguka mpaka Dar es Salaam kwa basi ilhali mashua inamngoja ufukweni. Katika mwambao huu zimekuwapo kwa miaka mingi zile zinazoitwa bandari bubu, yaani sehemu za kupakia na kushusha zisizo rasmi, ambako hapana gati, hapana mkaguzi, wala hapana anayeandika majina. Kuzipiga marufuku bila kuleta usafiri mbadala wa kuaminika na wa bei inayolipika huhamisha tu saa ya kuondoka kutoka mchana kwenda usiku, na usiku ndio wakati mbaya zaidi wa kuzama.

Mkondo wa Pemba wenyewe hausamehe uzembe. Ni kilindi cha mita mia kadhaa, na maji yake hukimbia kuelekea kaskazini. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, hukutana na mkondo huo uso kwa uso, na matokeo yake ni mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana kwa karibu, ambayo ni magumu kwa chombo kidogo kuliko mawimbi makubwa marefu yanayokiinua na kukishusha taratibu. Mashua ya mbao iliyokaa juani wiki kadhaa bila kushushwa majini huwa mbao zake zimekauka na kuachana, hivyo hata ikiwa imetiwa kalafati, yaani pamba na mafuta yanayozibia viungo vya mbao, huvuja mpaka mbao zitakapovimba tena, na kazi ya kufua maji huanza pale ufukweni. Injini ikiwa moja tu na ikazimika katikati ya mawimbi hayo, chombo hupoteza uwezo wa kuelekeza omo kwenye wimbi, hugeuka ubavu, na kazi yote ya kukilinda hubaki mikononi mwa mtu mwenye ndoo.

Utalii umeongeza aina nyingine ya abiria katika maji haya. Boti hutoka Pangani na Ushongo kwenda Maziwe, fungu la mchanga lililo umbali wa kilomita 8 hivi kutoka Pangani, ambalo hufunikwa na maji ya bamvua na hivyo kumfunga nahodha kwenye saa za kupwa na kujaa. Nyingine huvuka moja kwa moja hadi kaskazini mwa Unguja. Abiria hawa hawaijui bahari, baadhi hawajui kuogelea, na humwamini yeyote anayewaambia kwamba bahari ni shwari. Boti zao mara nyingi zina paa la turubai au la mbao la kuwakinga na jua, na paa hilo, ambalo kila mtu huliona kuwa ni starehe, linahitaji kutazamwa kwa makini. Boti inapozama, mtu aliyevaa boya la kuvaa, ambalo wengi huliita jaketi okozi, huinuliwa na boya hilo kwenda juu. Kama juu yake kuna turubai lililofungwa pande zote, boya linalopaswa kumwokoa humgandamiza chini ya paa huku chombo kikimvuta kwenda chini.

Hili halikubuniwa na wenye hofu. Mwaka 1999 boti ya watalii ilizama katika ziwa moja la jimbo la Arkansas, Marekani, ikaua watu 13, na wachunguzi wakaonya kuhusu mapaa hayo. Julai 2018, katika ziwa la Table Rock, Missouri, boti ya aina hiyohiyo, ikiwa bado na paa, ilizama katika dhoruba iliyokuwa imetangazwa mapema, na watu 17 kati ya 31 wakafa. Onyo lilikuwa limekaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 15. Nchini Japani nako, Aprili 2022, boti ya watalii KAZU I ilitoka kwenda rasi ya Shiretoko ingawa tahadhari ya upepo na mawimbi ilikuwa imetolewa. Mfuniko wa tundu la sitahani upande wa omo haukufunga sawasawa, maji yakaingia na kusambaa hadi sehemu nyingine za tumbo la boti, na wote 26 waliokuwamo wakafa au kupotea. Ofisi ya kampuni haikuwa hata na redio inayofanya kazi ya kuzungumza na nahodha. Nchi yenye wakaguzi wengi na sheria kali ilipata msiba kwa sababu zilezile ambazo mkazi wa Sahare mjini Tanga au wa Kipumbwi angezitambua mara moja.

Tanzania nayo haina upungufu wa vyombo vya kusimamia. Kazi iliyokuwa ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, kwa upande wa majini ilihamia kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa mikoa ya pwani, Tanga ikiwamo. Tatizo liko kwenye umbali kati ya cheti na ufukwe. Ukaguzi wa kutoa cheti hufanyika kwa kipindi, lakini chombo huondoka kila siku, na cheti kilichobandikwa ukutani mwa chumba cha nahodha hakijui ni watu wangapi wamepanda asubuhi hii wala kama ngama ina maji. Lililo zito zaidi ni kwamba uamuzi wa kuahirisha safari huachiwa nahodha ambaye tajiri wake hapati kitu siku chombo kisipoondoka, na ambaye abiria wenyewe humlaumu kwa kuchelewa. Kumwadhibu yeye peke yake baada ya maafa, kama ameponea, ni kuwaacha mwenye chombo, wakala aliyeuza tiketi na ofisa aliyekuwa gatini waendelee na kazi kama kawaida.

Hatua iliyo rahisi kuliko zote haihitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Orodha ya majina ya wote waliopanda, wakiwamo watoto wachanga na mabaharia, iandikwe nakala mbili kabla ya kamba kufunguliwa, moja iende na chombo na nyingine ibaki ufukweni kwa mtu anayejulikana, iwe ni ofisa wa bandari, mwenyekiti wa kijiji au mwenye hoteli ya Ushongo, ikiwa na saa ya kuondoka na saa inayotazamiwa kufika. Orodha hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: humlazimisha mpakiaji kuona kwa macho yake namba inapovuka kiwango kilichoruhusiwa, na humpa aliyebaki nchi kavu sababu ya kupiga simu saa ya kufika inapopita bila habari, wakati waliomo majini bado wana nguvu za kuelea.